Mshigi, Jirani Mwekundu wa Uani



Leo siwapeleki mbugani. Najua redioni wakitajwa wanyamapori tu, akili ya mtu hukimbilia Serengeti au Tsavo, tembo na simba, nyumbu wanavuka mto na watalii wamejipanga na kamera. Watu hutoka ng'ambo, wakalipa fedha nyingi, wakashinda kutwa ndani ya gari, na wakiona mkia tu wa chui hurudi hotelini wakiwa wameridhika. Haya, tuwaache na chui wao. Yupo kiumbe mwingine wa porini asiyekuwa na kiingilio wala geti, ambaye huja mwenyewe mpaka mlangoni asubuhi, akala, akanywa, akaenda zake. Wengi wetu tumekua naye na hatujawahi kumtazama sawasawa.

Namzungumzia kale kandege kekundu ka uani. Baadhi ya vitabu vya ndege vya Kiswahili huita jamii yake mishigi, basi nami jioni hii nitamwita mshigi. Wataalamu humwita Lagonosticta senegala. Mtaani hana cheo chochote: ni kandege tu.

Nilikaa naye karibu kuliko siku zote kwa bibi mmoja wa Kondoa, mama mzazi wa rafiki yangu. Nilifika asubuhi, nikamkuta chini ya mwarobaini amenyoosha miguu, ungo mkononi, anapepeta uwele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Vuta hicho kigoda, lakini usiwakanyage wenzako."

Nikatazama chini, maana sikuona mwenzangu yeyote. Hatua mbili hivi kutoka miguuni pake, palipoangukia pumba na chenga, palikuwa na ndege sita au saba wanaruka-ruka na kudonoa. Bibi alikuwa anarusha ungo, anapuliza, anarusha tena, nao hata hawashtuki. Niliponyanyua mkono kufuta jasho, wote wakapaa na kutua juu ya ua wa miiba. Nikatulia, wakarudi. Bibi ndiye waliyemzoea, mimi walinipa muda wa kujieleza.

Kwa umbali ule mtu anaona vitu ambavyo picha haimwonyeshi. Cha kwanza ni udogo wake. Mshigi ana urefu wa sentimita 10 hivi, kuanzia ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, na uzito wa gramu 8 au 9. Pima vijiko viwili vya chai vya sukari, umempata mzimamzima pamoja na manyoya yake.

Cha pili ni rangi, na hapa dume ndiye mwenye mapambo. Kichwa, shingo na kifua chote ni vyekundu, wekundu uliokolea wenye kuegemea waridi, na wekundu huohuo unajitokeza tena juu ya mkia pale mabawa yanapokomea. Mgongo na mabawa ni kahawia, rangi ya vumbi la palepale uani. Ubavuni ana vitone vyeupe vidogo mno, ambavyo usipokuwa karibu huvioni kabisa. Mdomo ni mwekundu pembeni na mweusi juu kwenye mgongo wake, na jicho limezungukwa na pete nyembamba ya njano.

Jike ni kahawia karibu mwili mzima. Ukimtupia jicho la haraka utasema ni ndege wa aina nyingine. Tulia umtazame: kati ya jicho na mdomo kuna alama ndogo nyekundu, juu ya mkia kuna wekundu kama wa dume, na kifuani kuna vile vitone vyeupe. Wadogo waliotoka kiotani juzijuzi hawana vitone, na mdomo wao bado ni mweusi. Kitambulisho chao ni ule wekundu wa juu ya mkia peke yake. Kwa hiyo ukiona mmoja mwekundu kati ya sita wa kahawia, usidhani amejichanganya na wageni. Inawezekana kabisa hiyo ni familia moja.

Afrika Mashariki ana ndugu wawili wanaofanana naye hata watazamaji wazoefu hukosea. Tofauti iko mahali pawili. Hao ndugu wana mdomo wa rangi ya buluu iliyofifia kuelekea kijivu, na chini ya mkia ni weusi. Huyu wetu mdomo wake ni mwekundu, na chini ya mkia ni kahawia mpauko. Ndugu hao hupenda zaidi vichaka na kingo za misitu, ilhali huyu anapenda watu. Ukimkuta anadonoa karibu na kinu, kwa kawaida ni yeye.

Na wekundu wenyewe anautoa wapi? Kwenye chakula. Mimea ina rangi asili za njano na za chungwa, za jamii ileile inayoipa karoti rangi yake. Ndege huzila, na mwili wa ndege wa jamii hii una uwezo wa kuzigeuza kuwa nyekundu na kuzipeleka kwenye manyoya na mdomoni. Ndege hawezi kuzitengeneza rangi hizo kutoka patupu, lazima azile kwanza. Kwa hiyo dume mwekundu sana anatangaza hali yake: nimeshiba, na mwili wangu unafanya kazi. Huenda majike wanajua kulisoma tangazo hilo.

Makazi yake ni mapana sana. Anapatikana kusini mwa Sahara, kuanzia Senegal kule magharibi, kupita Sahel hadi Ethiopia, kushuka Uganda, Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini. Sehemu asizoishi ni mbili: msitu mnene wa Kongo na jangwa kavu kabisa kama Namib. Msituni hakuna nyasi za kutosha wala ardhi yenye jua, na jangwani hakuna maji. Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyewapa majina viumbe wa dunia nzima, alimwingiza kwenye orodha yake mwaka 1766 na kumpa jina la Senegal, kwa kuwa kielelezo kilitoka huko. Linnaeus mwenyewe hakukanyaga Afrika. Nadhani bibi wa Kondoa alikuwa amemzidi maarifa kwa mbali.

Kwa asili yake mshigi ni ndege wa nyika ya nyasi na vichaka vya miiba, karibu na maji. Sasa litazame boma la kijijini kwa jicho lake. Pana ardhi iliyofagiwa, na mbegu ndogo ikianguka hapo inaonekana wazi. Pana ua wa miiba au wa minyaa ambao mwewe hawezi kuingia. Maji yapo, hata kama ni yale yanayovuja kwenye bomba au yaliyobaki kwenye sufuria la kuoshea vyombo, na paa la makuti au la nyasi lina nafasi za kujificha. Sisi tulidhani tunajenga nyumba zetu. Yeye aliona nyika bora kuliko ile aliyoizoea, akahamia.

Namna anavyokula ndiyo inayomtenga na ndege wengi wa mbegu. Jamaa zake kadhaa hupanda juu ya shina la nyasi, wakaning'inia kwenye suke na kulipukuchua. Mshigi hufanya hivyo kwa nadra. Yeye hushuka chini, akaokota kilichokwisha kuanguka: mbegu za nyasi za mwituni, chenga za uwele na ulezi, na mara mojamoja mchwa au sisimizi. Huruka kwa miguu yote miwili kwa pamoja, hatembei kama njiwa. Mara nyingi huwa na wenzake wa aina nyingine, hasa yule wa buluu ambaye dume lake lina alama nyekundu shavuni, na wale wadogo weusi kichwani na weupe tumboni wanaobanana kwenye waya.

Hapo ndipo ninapotaka kumtetea, maana analipa deni lisilo lake. Mkulima akiona kundi la ndege wadogo wenye midomo myekundu, neno la kwanza ni kwelea kwelea. Nami simlaumu mkulima. Kwelea ni janga kweli, si hadithi. Huja kwa malaki na kwa mamilioni, mmoja anaweza kula takribani gramu 10 za nafaka kwa siku, na shamba la mpunga au mtama ambalo mtu amelihangaikia miezi linaweza kwisha katika siku chache. Lakini kwelea ni wa ukoo mwingine kabisa, ukoo wa akina mnana wanaosuka viota. Ana uzito karibu mara mbili ya mshigi, hukaa juu ya suke na kulila likiwa bado shambani. Mshigi huenda wawiliwawili au kwa familia, akaokota makombo chini. Hajawahi kumwachia mtu njaa.

Bibi alilisema jambo hilo kwa ufupi kuliko mimi. Nilimuuliza kama mishigi hawamwibii uwele. Akaninyooshea ungo: "Kilicho humu ni changu. Kilichoanguka si changu tena. Hawa hawaibi, hawa wanafagia."

Bahati mbaya sumu haijui kutofautisha. Kwelea wanapovamia, dawa hunyunyizwa kwa ndege za angani juu ya vichaka na matete wanamolala usiku. Dawa inayotumika zaidi ni fenthion, ambayo ni kali kwa ndege wote, na kila aliyelala humo hupata sehemu yake, pamoja na mwewe au bundi anayeokota mizoga asubuhi. Sisemi tuache mashamba yaliwe. Nasema gharama hiyo ihesabiwe, maana mpaka leo kwenye hesabu nyingi za hasara na faida haionekani popote.

Tuje kwenye mambo ya nyumbani kwake.

Mshigi dume akitaka kuoa hatafuti ugomvi. Anatafuta unyoya, au ujani mkavu wa nyasi. Anaushika kwa ncha moja mdomoni, anasogea karibu na jike, kisha anaanza kujirusha juu na chini palepale alipo huku ameinua kichwa, unyoya ukipepea, naye akiimba kwa sauti ndogo. Wimbo wenyewe si mkubwa: mlio mmoja mkavu, kisha miluzi mifupi inayofuatana ikipanda kidogo. Ule unyoya ni kama kumwambia jike kwamba vifaa vya ujenzi vipo. Jike akiridhika, kazi inaanza.

Na dume ndiye fundi. Hujenga kiota cha mviringo kwa nyasi kavu, mlango ukiwa ubavuni, na ndani hukitandika manyoya laini, yakiwemo ya kuku akiyapata. Mahali pake ni chini-chini: kwenye kichaka cha miiba, ndani ya paa la nyasi, kwenye tundu la ukuta wa udongo, au nyuma ya gunia lililoning'inizwa na kusahauliwa. Jike hutaga mayai meupe, kwa kawaida kati ya 3 na 6. Wote wawili hupokezana kuatamia, na baada ya siku 11 au 12 makinda huanguliwa. Baada ya wiki mbili na nusu hivi hutoka kiotani, ingawa kwa siku kadhaa bado hudai chakula. Msimu mkubwa wa kuzaa huangukia wakati mvua zimekwisha kustawisha nyasi na mbegu zimeanza kukomaa, kwa sababu watoto hawa hulelewa kwa mbegu laini ambazo wazazi hubeba kooni na kuwatapikia mdomoni.

Sasa fungua kinywa cha kinda la mshigi, na naomba mnisikilize kwa makini hapa, maana kila kitakachofuata kinategemea kinywa hicho. Ndani, kwenye kaakaa, ni rangi ya njano ikielekea chungwa, na juu yake kuna madoa meusi yaliyopangika vizuri. Kwenye pembe za mdomo kuna vinundu vyeupe vyenye ubuluu, ambavyo hung'aa hata kwenye giza la kiota. Kinda hilo likiwa na njaa halinyooshi shingo juu na kupigapiga mabawa kama makinda wengine. Linainamisha kichwa, linaizungusha shingo na kukifungua kinywa kuelekea juu. Kila spishi ya jamii hii ina mpangilio wake wa madoa. Kwa mzazi hiyo ndiyo alama ya mtoto wa nyumbani.

Na penye alama ya kuingilia, hapakosi wa kuighushi.

Kuna ndege anaitwa fumbwe. Fumbwe wapo wa aina nyingi, na baadhi ya madume yao mnawajua kwa mikia mirefu. Huyu ninayemsema hana mkia mrefu. Jina lake la kitaalamu ni Vidua chalybeata. Dume wakati wa kuzaliana ni mweusi mwenye mng'ao wa buluu, miguu yake ni myekundu, na mdomo ni mweupe au mwekundu kutegemea yuko sehemu gani ya Afrika. Jike ni kahawia mwenye michirizi, ukimwona utasema ni shomoro. Ndege hawa hawajengi kiota hata siku moja, wala hawaatamii. Jike la fumbwe humvizia mshigi, akajua kiota kilipo, akaingia na kutaga humo. Yai lake ni jeupe kama la mwenyeji, limezidi ukubwa kidogo tu. Katika msimu mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya 20, akiyagawa kwenye viota mbalimbali.

Kinda la fumbwe linapoanguliwa na kufungua kinywa, utakuta rangi ileile, madoa yaleyale, vinundu vilevile, na shingo inazungushwa vilevile. Mshigi hulilisha kama wake. Tofauti na watoto wa ndege wengine wenye tabia kama hii, wanaowasukuma nje watoto wa mwenye nyumba mpaka wafe, kinda la fumbwe hukua pamoja na wenzake bila kuwaua. Lakini mdomo mmoja zaidi ni mdomo mmoja zaidi. Mtafiti wa Kifaransa Marie-Yvonne Morel, aliyewafuatilia mishigi wa Richard-Toll huko Senegal na kuchapisha kazi yake mwaka 1973, aliwachunguza wenyeji na vimelea wao kwa pamoja, kwa kuwa haiwezekani kuelewa maisha ya mmoja bila ya mwenzake.

Kuna jambo lililonishangaza zaidi ya kinywa. Kinda dume la fumbwe likiwa kiotani linamsikia baba mlezi akiimba. Wimbo huo linaukariri. Likikua na kuwa fumbwe mweusi kamili, hupanda juu ya mti mrefu, kwenye tawi lake maalumu, na hapo huimba kutwa nzima. Huchanganya makelele ya ukoo wake wa fumbwe na nyimbo za mshigi, pamoja na milio ya kuitana na hata vilio vya makinda wa mshigi. Jike la fumbwe, ambalo nalo lililelewa na mshigi, linaposikia wimbo wa nyumba iliyolilea hulifuata dume hilo. Likifika wakati wa kutaga hutafuta kiota cha nani? Cha mshigi. Mjerumani Jürgen Nicolai aliyaeleza mambo haya kwa kina mwaka 1964 baada ya kuwafuga na kuwasikiliza ndege hao kwa muda mrefu.

Ila nadharia ni nadharia mpaka ijaribiwe. Mmarekani Robert Payne wa Chuo Kikuu cha Michigan, pamoja na wenzake, waliwachukua fumbwe wakawalea chini ya wazazi wa kambo wengine kabisa, ndege wadogo wa kufugwa wenye asili ya Asia, ambao fumbwe wa Afrika hajawahi kukutana nao. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2000. Madume waliolelewa hivyo waliimba nyimbo za wale wa Asia. Majike waliolelewa hivyo waliwapenda madume wenye nyimbo hizo, na walipofika wakati wa kutaga walitaga kwenye viota vya wale wa Asia. Hawakuzaliwa wakimjua mwenyeji wao. Walimjua kwa malezi.

Fikirini maana yake. Siku jike moja la fumbwe likikosea na kutaga kwenye kiota cha ndege wa aina nyingine, na makinda wakanusurika, watoto hao wataimba wimbo mpya, wataoana wao kwa wao, na watarudi kwenye viota vya wenyeji wapya. Ukoo umegawanyika, bila mto wala mlima kuwatenganisha, tena kwenye mti uleule. Mwaka 2003 Payne na wenzake Michael Sorenson na Kristina Sefc walichapisha kwenye jarida la Nature ushahidi wa vinasaba kwamba aina nyingi za fumbwe hawa zimetokea kwa njia hiyo. Vitabu vya shule vikitaka mfano wa jinsi spishi mpya inavyozaliwa huenda mbali, mpaka visiwa vya Galapagos, wakati mfano mwingine uko juu ya mwembe wa jirani, mweusi, miguu myekundu, unapiga kelele tangu alfajiri. Mwalimu wa baiolojia anayenisikiliza, hilo nakuachia wewe.

Mshigi mwenyewe, pamoja na mzigo huo wote wa kulea watoto wa watu, hajashindwa. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, linamweka kwenye kundi la viumbe wasio na hatari ya kutoweka. Kwa miaka mingi alikamatwa kwa wavu na kusafirishwa Ulaya kuwa ndege wa tunduni, hasa kutoka Senegal na nchi nyingine za Afrika Magharibi. Tanzania nayo ilikuwa mwuzaji mkubwa wa ndege hai. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulizuia uingizaji wa ndege wa porini kwa hofu ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 zuio hilo likafanywa la kudumu. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ikasimamisha usafirishaji nje wa wanyamapori hai. Biashara ile ilikuwa ya hovyo, na maoni yangu ni kwamba haikupaswa kungoja ugonjwa ndipo izuiwe.

Kwa hiyo sina kilio cha kuwatoa machozi jioni hii. Spishi ipo na itaendelea kuwepo. Ninalolalamikia ni dogo zaidi, nalo liko mikononi mwetu. Mshigi anaweza kuwa tele nchini na asiwepo kwako. Uani tumemwaga saruji kutoka ukuta hadi ukuta, na palipobaki udongo tumepanda nyasi za mapambo tunazozikata kila wiki kabla hazijatoa mbegu. Ua wa miiba tumeung'oa tukajenga ukuta wenye vipande vya chupa juu. Nafaka tunanunua imekwisha kukobolewa na kusagwa, hakuna anayepepeta kitu. Magugu ya pembeni mwa barabara tunayapiga dawa. Halafu mtu anakaa barazani kwake analalamika kwamba siku hizi mjini hakuna ndege, ila kunguru tu.

Gharama ya kumrudisha ni ndogo mno. Acha kipande cha nyasi nyuma ya nyumba, hata cha ukubwa wa mkeka, zikue mpaka zitoe mbegu na kuzimwaga. Acha kichaka kimoja chenye miiba pembezoni. Weka maji kwenye kigae kipana, kina cha kidole kimoja kisizidi, na uyabadilishe kila siku mbu wasizaliane humo. Paka usimwache akalala chini ya kichaka hicho. Kuku wakimwagiwa pumba, usifagie haraka. Na watoto wenye manati waelezwe vizuri, si kwa fimbo: waonyesheni dume na jike, waonyesheni pete ya njano ya jicho, wapeni kazi ya kutafuta kiota bila kukigusa. Mtoto anayemjua ndege kwa sura huona taabu kumpiga.

Mkimwona mshigi juma hili, tuandikieni hapa kituoni. Tuambieni ni wapi, alikuwa na nani, na anaokota nini. Kama juu ya mti wa karibu kuna fumbwe mweusi anaimba, msikilizeni vizuri, kisha mtuambie mmesikia wimbo wa nani.